Sanamu mlangoni, daftari la mishahara kabatini

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya maofisa uhusiano, lakini hapana shaka kwamba ni kazi chache duniani zinazohukumiwa nayo kila siku kama kazi yao. Ofisa uhusiano huajiriwa ili chema cha mwajiri wake kijulikane kwa watu. Hapo hapana kosa. Kosa huanza pale chema chenyewe kinapokuwa hakijatendwa, naye akatakiwa akitangaze kana kwamba kimekwisha kutendwa. Ndipo ofisi huacha kutafuta matendo ikaanza kutafuta vioja, na vioja vikipata makofi huja zawadi, na zawadi ikishawekwa juu ya kabati hakuna tena anayeuliza kilichomo ndani ya kabati hilo.

Ipo habari moja ya New York, nchini Marekani, ambayo yafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake yamo yote matatu: kioja, zawadi na kabati.

Asubuhi ya tarehe 7 Machi 2017, siku moja kabla ya Siku ya Wanawake Duniani, watu waliokuwa wakienda kazini katika eneo la mabenki la mji huo walikuta sanamu ambayo jana yake haikuwapo. Ilikuwa sanamu ya shaba ya msichana mdogo, yenye urefu wa sentimita 130 hivi, amesimama mikono kiunoni na kidevu amekiinua. Mbele yake lilikuwapo dume la ng'ombe la shaba, lenye uzito wa zaidi ya tani 3, ambalo mchongaji Arturo Di Modica aliliweka katika eneo hilo mwaka 1989 bila ya kibali cha mtu yeyote, na ambalo tangu hapo limekuwa alama ya nguvu ya soko la hisa. Msichana alimkabili fahali, wala hakurudi nyuma. Kabla ya jua kutua, picha yake ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia.

Aliyeichonga sanamu hiyo ni Kristen Visbal. Lakini haikuwekwa na chama cha wanawake, wala na serikali ya mji. Iliwekwa na State Street Global Advisors, tawi la uwekezaji la shirika la fedha la State Street la Boston, lililokuwa likisimamia mali yenye thamani ya zaidi ya dola trilioni 2. Wazo lilitoka kwa kampuni ya matangazo ya McCann ya New York. Shirika lilieleza kwamba linayataka makampuni makubwa yaweke wanawake katika bodi zao za wakurugenzi. Vile vile lilikuwa na mfuko wa uwekezaji uliofungua mwaka mmoja nyuma, ukinunua hisa za makampuni yenye wanawake wengi katika uongozi. Mfuko huo ulijulikana sokoni kwa herufi SHE, neno ambalo kwa Kiingereza ni "yeye" wa kike. Kibao kilichowekwa miguuni pa msichana kiliandikwa neno hilo kwa herufi kubwa. Mpita njia asiyejua mambo ya hisa alisoma sifa ya wanawake. Aliyejua alisoma jina la bidhaa.

Di Modica alilalamika kwamba fahali wake amegeuzwa maana na kufanywa sehemu ya tangazo la watu wengine. Wengi walimcheka mzee huyo, wakamwona mtu asiyewapenda wanawake. Hata hivyo, katika neno moja alikuwa na haki: kazi ile ilikuwa tangazo, na mwenye tangazo alikuwa na duka.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo wenye kazi hiyo walikwenda Cannes, mji wa pwani wa Ufaransa. Huko kila mwaka hufanyika tamasha la watu wa matangazo, lililoanza mwaka 1954 huko Venice, na ambalo zawadi zake ni sanamu za simba kwa kukumbuka simba wa mji huo wa Italia. Tangu mwaka 2009 fani ya uhusiano imekuwa na simba wake. Makampuni hulipa ada ili kazi zao zishindanishwe, na aghalabu hutengeneza filamu fupi ya kuwaeleza majaji kazi ilikuwa nini, watu wangapi waliiona na magazeti mangapi yaliiandika. Taa huzimwa, muziki hupigwa, jina la mshindi hutajwa, na watu waliovaa nguo nzuri hupanda jukwaani wakikumbatiana. Msichana wa shaba alitwaa zawadi kuu ya uhusiano. Alitwaa pia zawadi kuu ya fungu maalumu linalotunza kazi zinazopigania usawa wa wanawake na wanaume.

Miezi minne baadaye, Oktoba 2017, ilitangazwa habari nyingine, na hii haikupigiwa muziki. Wizara ya Kazi ya Marekani ilikuwa imekagua mishahara ya State Street na kulituhumu shirika hilo kwamba katika miaka ya 2010 na 2011 liliwalipa wanawake zaidi ya 300 wenye vyeo vya juu pungufu ya wanaume wa vyeo hivyo hivyo, na vile vile wafanyakazi weusi 15 pungufu ya weupe. Shirika lilikanusha tuhuma hizo. Hata hivyo lilikubali kulipa dola milioni 5 ili shauri liishe.

Haki inataka isemwe kwamba kukubali kulipa si sawa na kukiri kosa, na kwamba mishahara iliyokaguliwa ilikuwa ya miaka kadhaa kabla ya sanamu. Haki inataka pia isemwe kwamba kampeni ile haikuwa maneno matupu. Mwaka huo huo wa 2017, kwa kutumia kura za hisa linazosimamia, shirika hilo liliwapinga wakurugenzi wa makampuni yapatayo 400 ambayo bodi zake hazikuwa na mwanamke hata mmoja. Hilo ni tendo, na tendo hilo lilikuwa na uzito kuliko shaba yote ya sanamu. Anayesema kwamba habari hii yote ni unafiki na basi, amerahisisha mambo kuliko yalivyo.

Lakini swali linabaki pale pale, na ni swali la mpangilio. Kipi kilipaswa kutangulia? Ukaguzi wa mishahara ulikuwa umeanza miaka mingi kabla ya msichana kusimamishwa barabarani. Ndani ya jengo la shirika walikuwamo watu waliojua kwamba daftari la mishahara limo mikononi mwa wakaguzi, na walikuwamo watu waliokuwa wakiandaa sanamu. Je, watu hao hawakukutana hata kwenye korido? Wanawake wale zaidi ya 300, kama madai yao yalikuwa ya kweli, walipita kila asubuhi mbele ya habari za sifa zilizoandikwa kwa jina lao, wakaenda kuketi kwenye meza zao wakiwa na upungufu wao mfukoni. Mwanamke aliyenyimwa haki yake hanufaiki kwa kuchongewa dada wa shaba. Yeye anachotaka ni tarakimu iliyo sahihi mwisho wa mwezi.

Jambo hili si geni, wala New York haikulianza juzi. Katika mji huo huo, tarehe 31 Machi 1929, Jumapili ya Pasaka, wanawake kadhaa walitembea katika barabara ya Fifth Avenue wakivuta sigara hadharani. Wakati ule mwanamke wa Marekani kuvuta sigara barabarani ilikuwa aibu, na magazeti yaliandika tukio hilo kama ishara ya wanawake kudai uhuru wao. Kumbe mpango ulikuwa wa Edward Bernays, mpwa wake Sigmund Freud na mmoja wa waasisi wa kazi ya uhusiano, aliyekuwa akilipwa na kampuni ya tumbaku ya American Tobacco. Yeye ndiye aliyeeneza usemi kwamba sigara zile ni mienge ya uhuru. Kampuni ilitaka wateja wapya, na nusu ya wananchi wa Marekani walikuwa bado hawajafikiwa barabara. Jina la kampuni halikutajwa katika matembezi hayo. Miaka mingi baadaye, madhara ya tumbaku yalipojulikana wazi, Bernays mwenyewe alijiunga na juhudi za kuipinga sigara, lakini mapafu yaliyokwisha kuungua hayakuponywa na majuto yake.

Kati ya mwaka 1929 na mwaka 2017 ni miaka 88. Mji ni ule ule, na vazi ni lile lile: dai la haki la wanawake, ambalo wao walilipigania kwa machozi, limeazimwa na mtu mwenye bidhaa ya kuuza. Tofauti ni kwamba mwaka 1929 mwenye bidhaa alijificha, na mwaka 2017 aliandika jina lake kwenye kibao na kwenda kupokea zawadi. Huenda hayo yakaitwa maendeleo. Msomaji atajipimia mwenyewe.

Mtu anaweza kudhani kwamba kazi ya uhusiano, kwa asili yake, ni kazi ya udanganyifu. La hasha. Waasisi wake walijua mema na mabaya. Mwaka 1906 Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuifanya kazi hii, aliyapelekea magazeti tamko la msingi wa ofisi yake: kwamba itafanya kazi mchana kweupe, itatoa habari zilizo sahihi, na itamsaidia mhariri yeyote kuhakikisha kila alichoambiwa. Ni tamko ambalo hata leo linaweza kutundikwa katika ofisi yoyote ya umma bila ya kuona haya.

Yaliyofuata ndiyo fundisho. Tarehe 20 Aprili 1914, huko Ludlow katika jimbo la Colorado, askari na walinzi wa kampuni waliishambulia kambi ya mahema ya wachimba makaa ya mawe waliokuwa wamegoma pamoja na familia zao. Mahema yaliungua, na katika shimo moja walikutwa wamekufa wanawake 2 na watoto 11. Ukoo wa Rockefeller, uliokuwa na hisa kubwa katika kampuni kuu ya migodi hiyo, ulimwajiri Lee. Alitoa taarifa mfululizo za kuwatetea wenye migodi, na katika mojawapo alitaja mishahara ya viongozi wa chama cha wafanyakazi kuwa mikubwa mno kuliko ilivyokuwa. Alipohojiwa na tume iliyoundwa kuchunguza mambo ya kazi, alikiri kwamba alichapisha alichopewa na wenye migodi bila ya kukihakikisha. Mtu yule yule aliyeahidi usahihi mwaka 1906 alikuwa sasa tarishi wa tarakimu za tajiri. Hakubadili imani. Alibadili tu mahali pa kuketi: aliacha kuuliza, akaanza kupokea.

Hapo ndipo penye kiini cha maisha ya ofisi ya uhusiano, iwe ya kampuni ya New York au ya halmashauri ya wilaya yoyote. Siku ya ofisa uhusiano huanza kwa magazeti. Zamani alikata kwa mkasi kila habari iliyomtaja mwajiri wake, akaibandika kwenye karatasi, akaandika tarehe, na jalada likapelekwa kwa mkubwa kabla ya chai ya saa nne. Leo kompyuta humkatia, lakini jalada ni lile lile. Kwa miaka mingi vipande hivyo vilipimwa hata kwa rula: safu ina sentimita ngapi, na tangazo la ukubwa huo lingegharimu kiasi gani. Tarakimu hiyo ilipewa mkubwa kama faida ya kazi ya mwezi. Mwaka 2010 wataalamu wa upimaji wa mawasiliano waliokutana Barcelona, Hispania, walikubaliana kwamba bei ya tangazo si kipimo cha thamani ya kazi hii, na kwamba jambo la kupimwa zaidi ni mabadiliko kwa watu wenyewe kuliko wingi wa vipande vya habari. Walisema kweli. Lakini rula haijafa. Imebadilika tu kuwa hesabu ya watazamaji na ya waliobonyeza alama ya kupenda.

Baada ya jalada huja mikutano, na hapo huonekana ofisa huyo anathaminiwa kiasi gani. Aghalabu haitwi wakati uamuzi unapotafutwa. Huitwa uamuzi ukishapitishwa, apewe karatasi na kuambiwa aipambe. Shule ikikosa madawati, haulizwi kama anayo malalamiko ya wazazi. Huulizwa kama mpiga picha amepatikana kwa siku ya kupokea madawati 20. Ndiyo maana magazeti hujaa picha za watu walioshika mfano wa hundi, kadibodi ndefu kuliko mlango, wakitabasamu, na hakuna anayerudi mwaka unaofuata kupiga picha ya ripoti ya matumizi ya fedha zile.

Ofisi ya uhusiano ikijengwa sawasawa huwa na milango miwili. Mmoja hutazama nje, na kwa mlango huo taasisi huwaeleza wananchi inafanya nini. Wa pili hutazama ndani, na kwa mlango huo wananchi na wafanyakazi wa chini humweleza mkubwa yale ambayo wasaidizi wake wanaogopa kumwambia. Penye mlango mmoja tu, ofisa uhusiano ni mpiga tarumbeta. Penye yote miwili, ni mtumishi wa ukweli. Sanduku la maoni lililotundikwa ukutani, ambalo kufuli lake limeshika kutu kwa sababu halijafunguliwa tangu litundikwe, ni ushahidi wa mlango wa pili uliopigwa misumari.

Watakuwapo wa kusema kwamba methali ya chema chajiuza imepitwa na wakati, kwa kuwa katika dunia yenye kelele nyingi hata chema kisipotangazwa hakijulikani. Hoja hiyo ina uzito. Chanjo isiyotangazwa haiwafikii watoto. Mkulima asiyeambiwa siku ya kugawiwa mbegu hupanda amechelewa. Ofisa anayekaa kimya kwa kisingizio cha unyenyekevu, huku wananchi hawajui haki zao, naye ana kosa lake. Na si kila kioja ni kibaya: ngoma, michezo ya kuigiza na hata sanamu zaweza kumfanya mtu asimame na kufikiri. Msichana yule wa shaba aliwafanya wengi wasimame.

Kwa hiyo hoja si kwamba taasisi zinyamaze. Hoja ni kwamba tangazo lina deni, na mwenye kulitoa hana budi kuwa na cha kulilipia. Anayetangaza usawa wa wanawake aanze kwa kufungua daftari lake la mishahara. Anayetangaza huduma bora aanze kwa kuhesabu watu waliorudishwa dirishani jana. Mwalimu mkuu anayepaka chokaa mawe ya bustani kwa sababu mkaguzi anakuja kesho, ilhali wanafunzi wanaketi sakafuni, anafanya kwa shilingi chache kile kile ambacho wakubwa wa dunia hufanya kwa mamilioni. Watoto huona yote mawili, mawe meupe na sakafu, na somo wanalojifunza siku hiyo halimo katika mtaala.

Na wale wanaotoa zawadi nao wana wajibu. Filamu fupi huonyesha watu wangapi walitazama. Haionyeshi ni nani aliyelipwa haki yake. Zawadi ya usawa ingesubiri mwaka mmoja tu, na majaji wakaomba karatasi moja ya ukaguzi pamoja na filamu, washindi wangekuwa wachache zaidi, na makofi yangekuwa ya kweli zaidi. Hata katika idara za serikali na mashuleni, ambako vyeti vya mfanyakazi bora hutolewa kila mwaka, isingekuwa vibaya kuwauliza kwanza waliohudumiwa naye.

Mwezi Desemba 2018 msichana wa shaba alihamishwa kutoka mbele ya fahali, akapelekwa mkabala na jengo la Soko la Hisa la New York. Mwaka 2019 shirika lililomweka lilimshtaki mchongaji wake mahakamani kwa sababu ya nakala za sanamu hiyo, likidai kwamba zinavunja mkataba. Hivyo hata alama ya uhuru wa mwanamke iligombewa na wenye mikataba. Watalii wangali wakipiga picha kando yake, na mabinti wadogo huweka mikono kiunoni wakimwiga. Hakuna ubaya katika hilo. Mtoto na aige ushujaa popote anapouona.

Lakini siku moja mabinti hao watakua, wataajiriwa, nao watapokea bahasha ya mshahara wa kwanza. Hapo hawatamuuliza mwajiri wao ana sanamu ngapi mlangoni wala simba wangapi juu ya kabati. Wataifungua bahasha, watahesabu, kisha watamtazama mwanamume wa meza ya pili. Majibu ya hesabu hiyo ndiyo tangazo pekee ambalo hakuna ofisa uhusiano awezaye kulipamba, na hakuna mkubwa awezaye kulifungia kabatini.